Damu nzito, kobalti na protini ya VHL: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lubumbashi

Mgonjwa na mazingira yake

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Lubumbashi, mji wa migodi wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, baba wa watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kupima na kupakia magunia kwenye depo ya wanunuzi wa madini ya shaba na kobalti. Majina, mtaa, hospitali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa pale ambapo hayagusi mantiki ya kisa.

Alifika kliniki na rundo la karatasi za zahanati mbili. Ametibiwa malaria mara kadhaa, homa ya matumbo mara moja, kisha kipimo cha damu kikaonyesha himoglobini ya juu mno na akaanza kutolewa damu. Lalamiko lake lilikuwa kichwa kuuma alfajiri, kwa miezi mingi, na kutapika bila kichefuchefu cha maana. "Nikitapika, kichwa inapunguka," alisema. Maneno hayo yaliandikwa kwenye faili siku ya kwanza, na hakuna aliyeyarudia kwa wiki kadhaa.

Vipimo vya siku ile: himoglobini 20.6 g/dl, hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) asilimia 61, chembe nyeupe na chembe sahani kawaida, bandama haigusiki, oksijeni kidoleni asilimia 96, presha 128/82. Havuti sigara. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mwinuko huo unapandisha himoglobini kidogo tu. Hauwezi kumfikisha mtu 20.

Mfuatano wa mambo

Dhana ya kwanza ilikuwa kobalti, na haikuwa dhana ya kijinga. Kobalti inapandisha damu. Katikati ya karne iliyopita chumvi zake ziliwahi kutumiwa kama dawa ya upungufu wa damu, zikaachwa kwa sababu ya madhara, goita ikiwemo. Na katika ukanda huu watu wana kobalti mwilini: utafiti wa watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa 2009 ulikuta viwango vya juu kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Mtu anayevuta vumbi la magunia kutwa, halafu damu yake ni nzito: daktari yeyote wa Katanga angeunganisha hayo mawili.

Mkojo wake ulichukuliwa kwa uangalifu. Alioga kwanza, akavaa nguo safi, akakojoa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa asidi, mbali na depo, kwa sababu punje chache za vumbi kutoka kwenye ukucha zinatosha kuharibu jibu. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi. Jibu lilirudi na kobalti mara kadhaa juu ya kiwango cha watu wasiokaa karibu na migodi. Mgonjwa akaambiwa aache kazi, arudi baada ya wiki sita.

Alirudi na himoglobini 19.8, na sasa alikuwa anatembea amepanua miguu. Alipoambiwa agusishe kidole kwenye pua, kidole cha kulia kilitetemeka na kupitiliza. Siku hiyohiyo muuguzi, akimpima presha, alimuuliza mke wake: "Mama, kwa famiye ya papa kuko mutu mwengine alikuwaka na hii magonjwa?" Mke akajibu bila kusita: "Baba yake alikufaka na mafigo. Na tantini yake ni jicho moja tu inaonaka."

Jibu hilo lilibadilisha kila kitu. Ekografia (ultrasound) ya tumbo ilifanywa saa chache baadaye: malengelenge ya maji mengi kwenye figo zote mbili, uvimbe mgumu wa sentimita 2.4 kwenye figo ya kulia, na malengelenge mengine kwenye kongosho. Skana ya kichwa, kesho yake, ilionyesha uvimbe wa maji upande wa kulia wa serebela, yaani ubongo wa nyuma unaoshika mwendo na mizani, na kijinundu kidogo kilichong'aa sana kwa dawa ya rangi kikiwa kimeshika ukuta wake. Njia ya maji ya ubongo ilikuwa imebanwa na vyumba vya ndani vimetanuka.

Kijinundu ndani ya mfuko wa maji kwenye serebela, figo zenye uvimbe, kongosho yenye malengelenge, shangazi asiyeona jicho moja, baba aliyekufa kwa figo. Huo ni ugonjwa wa von Hippel-Lindau (VHL), unaoitwa kwa majina ya daktari wa macho Mjerumani Eugen von Hippel na mwanapatholojia Msweden Arvid Lindau, walioueleza mwanzoni mwa karne ya 20. Unakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 36,000 wanaozaliwa.

HIF inavyovunjwa, na mahali inapoponyoka

Ili kuelewa kwa nini dhana ya kobalti ilionekana kufaa na bado ikawa si jibu, lazima kufuata protini moja inayovunjwa kila dakika katika kila seli ya mwili: HIF-alfa, inayoiongoza seli oksijeni inapopungua.

Seli inatengeneza HIF-alfa bila kupumzika na kuivunja bila kupumzika. Kwenye seli yenye oksijeni ya kutosha, nusu ya HIF-alfa iliyopo inapotea ndani ya dakika chache. Inaonekana kama hasara, lakini faida yake ni mwendo: oksijeni ikipungua, seli haisubiri kutengeneza protini mpya, inaacha tu kuivunja.

Hatua ya kwanza ni alama. Vimeng'enya viitwavyo PHD vinabandika kundi la hidroksili juu ya prolini mbili za HIF-1-alfa (mojawapo ya aina za HIF-alfa), ya 402 na ya 564; prolini ni aina ya asidi amino, vipande vinavyojenga protini. Kazi hiyo inahitaji vitu vinne: oksijeni, chuma cha aina ya Fe²⁺ kilichokaa katikati ya kimeng'enya, kemikali iitwayo 2-oksoglutareti, na vitamini C ya kukitunza chuma kisioksidike.

Hatua ya pili ni kusoma alama, na hiyo ndiyo kazi ya protini ya VHL. Ni protini ndogo ya asidi amino 213, na ina pande mbili. Upande mmoja, uitwao beta, una mfuko ambamo inaingia prolini yenye hidroksili; prolini isiyo na alama haikai humo. Upande wa pili, uitwao alfa, unashika elongini C, ambayo inaungana na elongini B, kulini 2 na RBX1. Kundi hilo zima ndilo mashine inayobandika ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, moja juu ya nyingine hadi uwe mnyororo. VHL yenyewe haikati chochote. Inachagua nani akatwe na kumsogeza kwenye mashine.

Hatua ya tatu ni proteasomu, kinu cha seli. Kinapokea kilichovaa mnyororo wa ubikwitini, kinakitwanga kuwa vipande vifupi, na ubikwitini zinarudishwa kutumika tena. Ugunduzi wa ubikwitini ulileta Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2004 kwa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose. Ule wa jinsi seli inavyohisi oksijeni, HIF na VHL zikiwa katikati, ulileta ile ya Tiba ya 2019 kwa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza.

HIF-alfa isipovunjwa, inaingia kwenye kiini cha seli, inaungana na mwenzake HIF-beta na kuwasha jeni za njaa ya oksijeni: erithropoietini ya kuongeza chembe nyekundu, VEGF ya kuotesha mishipa ya damu, vibebaji vya glukosi, na vichochezi vya seli kugawanyika. Seli isiyo na njaa yoyote ya oksijeni inaishi kana kwamba inakabwa.

Sasa kobalti. Inaingia kwenye mahali pa chuma ndani ya PHD, na alama haibandikwi. VHL ipo, nzima, lakini haina cha kusoma. Kwa mgonjwa huyu hitilafu ilikuwa hatua moja mbele: alama inabandikwa vizuri, msomaji hayupo. Matokeo ya juu ni yaleyale, HIF nyingi na erithropoietini nyingi, ndiyo maana kipimo cha erithropoietini hakiwezi kutenganisha hali hizo mbili. Kinachotenganisha ni mahali. Kobalti inagusa mwili mzima, kwa kadiri ya dozi, na inaondoka. VHL iliyopotea imepotea kwenye seli moja na kizazi chake chote, kwa kudumu, na kizazi hicho ndicho uvimbe.

Kwa nini seli moja? Mgonjwa alizaliwa na nakala moja mbovu ya jeni ya VHL, iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3, katika kila seli. Nakala nzima iliyobaki inatosha kufanya kazi, na kwa hiyo viungo vyake vingi ni vya kawaida kabisa. Lakini figo na serebela zina seli nyingi sana, na miaka ni mingi. Mahali fulani seli moja inaipoteza nakala ya pili. Mpango huu wa mapigo mawili ulipendekezwa na Alfred Knudson mwaka 1971, akichunguza saratani ya jicho la watoto. Kwa mtu aliyezaliwa na nakala zote mbili nzima, seli moja lazima ipoteze zote mbili kwa bahati mbaya. Hutokea pia: saratani nyingi za figo za seli angavu, hata zisizo za kurithi, zimepoteza VHL.

Maamuzi kabla ya upasuaji

Kichwa au figo kwanza? Hapa hapakuwa na mjadala mrefu. Uvimbe wa figo chini ya sentimita 3 kwa mgonjwa wa VHL hufuatiliwa, kwa sababu hatari ya kusambaa ni ndogo sana na figo hizo zitahitaji kupasuliwa tena na tena maishani. Kila tishu nzuri inayoachwa leo ni miaka iliyosogezwa mbele kabla ya dialisisi. Maji yaliyobanwa kichwani hayasubiri. Alianzishiwa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa ubongo, na seti ya kutoboa fuvu na kuingiza mrija wa dharura ikawekwa tayari wodini endapo usingizi ungemzidi.

Mjadala wa kweli ulikuwa juu ya tezi za juu ya figo. Wagonjwa wa VHL wanaweza kuwa na feokromositoma, uvimbe unaomwaga adrenalini na noradrenalini. Mwenye nao akilazwa usingizi wa dawa bila kujulikana, presha inaweza kupanda hadi kumuua mezani. Presha ya kawaida kliniki haiondoi hatari hiyo. Kwa hiyo mkojo wa saa 24 ulikusanywa kwenye chupa yenye asidi, ikatunzwa kwenye baridi, kupima metanefrini na nometanefrini, mabaki ya homoni hizo mbili.

Jibu: metanefrini kawaida, nometanefrini juu kidogo, chini ya mara mbili ya kikomo. Mtaalamu wa usingizi alitaka kuahirisha na kumpa doksazosini, kizuia alfa kinacholegeza mishipa na kushusha presha, kwa siku kumi hadi kumi na nne, kama kanuni inavyosema kwa mwenye feokromositoma. Daktari wa ubongo alipinga: kushusha presha ya mtu ambaye maji yanabana ubongo ni kupunguza damu inayofika ubongoni. Kilichoamua ni mambo mawili. Skana ya tumbo yenye dawa ya rangi ilionyesha tezi zote mbili nyembamba, bila uvimbe. Na mfamasia, akipitia karatasi za zahanati, aliona mgonjwa alikuwa anameza amitriptilini ya kichwa, dawa inayojulikana kupandisha nometanefrini.

Uamuzi ukawa: amitriptilini isimamishwe, upasuaji usiahirishwe, doksazosini isitolewe, lakini chumba kiandaliwe kana kwamba uvimbe ule upo. Maana yake ni mrija ndani ya ateri ya mkono kusoma presha kila pigo kabla mgonjwa hajalala, salfati ya magnesiamu ya kutuliza presha ikipanda imeshavutwa kwenye bomba la sindano (kila wodi ya uzazi inayo, kwa ajili ya kifafa cha mimba), na hakuna kizuia beta, dawa inayopunguza kasi na nguvu ya moyo, kitakachotolewa kwanza. Kumpa mwenye feokromositoma kizuia beta kabla ya kizuia alfa ni kuifunga mishipa yake na kuuacha moyo usukume ukuta.

Damu nzito nayo ilihitaji uamuzi. Hematokriti ya 61 kwa mtu atakayelala mezani saa nyingi ni mwaliko wa damu kuganda miguuni na ubongoni. Alitolewa mililita 400 mara mbili, siku mbili mbali, na kila mara alirudishiwa kiasi hichohicho cha maji ya chumvi. Hakuna aliyedai kwamba hiyo ni tiba. Kule zahanati alikuwa ametolewa damu mara nyingi hadi feritini yake, kipimo cha akiba ya chuma, ikashuka chini ya kawaida. PHD zinahitaji chuma, na ukimnyang'anya mtu chuma, hata seli zake nzima zinaanza kuiacha HIF bila alama.

Mezani na kwenye darubini

Hemanjioblastoma, yaani aina hii ya uvimbe wa serebela, ina mtego wake. Mfuko wa maji ni mkubwa na kijinundu ni kidogo, na daktari asiyeuzoea huvutwa na mfuko. Akiunyonya maji tu, mgonjwa anaamka bila maumivu, na mfuko unajaa tena, kwa sababu kinachouvujisha ni kijinundu. Ukuta wa mfuko, kwa upande mwingine, kwa kawaida hauna seli za uvimbe na hauhitaji kuondolewa.

Kijinundu kina mishipa mingi ya damu. Kukichoma katikati au kukitoa vipandevipande ni kukaribisha kuvuja kusikokoma. Kilizungukwa kwa nje, mishipa inayokiingizia damu ikaunguzwa na kukatwa mmoja mmoja, mshipa mkubwa wa kutolea ukaachwa hadi mwisho, kisha kikatoka kizima. Presha ilipanda mara moja, wakati wa kuingiza mrija wa kupumulia, ikafika 170 na kushuka yenyewe usingizi ulipoongezwa. Magnesiamu haikutumika.

Kwenye maabara ya tishu kulitokea tatizo ambalo linastahili nafasi yake. Hemanjioblastoma na saratani ya figo ya seli angavu, zikitiwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eozini, zinafanana mno: seli zenye mafuta, zinazoonekana tupu, katikati ya mtandao wa mishipa myembamba. Na mgonjwa huyu alikuwa na uvimbe wa figo. Je, kilichotolewa kichwani kilizaliwa kichwani au kimesafiri kutoka figoni? Jibu linabadilisha kila kitu: la pili ni saratani iliyosambaa. Maabara haikukisia. Kipande cha parafini kilitumwa nje kwa rangi za kingamwili. Inhibini, alama ya hemanjioblastoma, ilishika; PAX8 na CD10, alama za saratani ya figo, hazikushika. Ni hemanjioblastoma. Seli za uvimbe ni zile za katikati zilizopoteza VHL. Mishipa yote ile mizuri ya kutisha ni seli za kawaida zilizoitwa na VEGF.

Ripoti ya jeni iliyosema "hakuna"

Damu ya mgonjwa ilitumwa kusomwa jeni ya VHL. Ripoti ya kwanza ilisema hakuna badiliko lililopatikana. Kwa wiki mbili faili likasomeka kama mtu asiye na ugonjwa wa kurithi, na mdogo wake mmoja akaambiwa hana haja ya kupimwa.

Ripoti haikudanganya. Njia iliyotumika ilikuwa kusoma herufi za jeni, na njia hiyo, kwenye sehemu iliyofutika upande mmoja, inasoma nakala nzima ya upande wa pili na kuona kila kitu sawa. Kipimo cha kuhesabu nakala za kila sehemu ya jeni kilipoombwa, ekzoni ya 3, yaani sehemu ya tatu, ilionekana mara moja badala ya mbili. Kati ya wagonjwa wa VHL, walio na sehemu ya jeni iliyofutika si wachache. Kuomba kusomwa herufi peke yake ni kuomba nusu ya kipimo.

Ekzoni ya 3 inaanzia asidi amino ya 155, na ndiyo inayobeba upande wa alfa, ule unaoshika elongini C. Kwa hiyo hata kama kipande cha protini kingetengenezwa na mfuko wake wa kusoma alama, kisingekuwa na mkono wa kuishika mashine. Zaidi ya hapo, VHL isiyoshikana na elongini haidumu: seli inaiona kuwa protini iliyoharibika na kuipeleka kwenye kinu kilekile ilichokuwa ikipelekea wengine.

Aina ya badiliko ina maana ya kila siku. Familia zenye sehemu ya jeni iliyofutika au protini iliyokatika hupata mara chache feokromositoma. Zile ambazo herufi moja imebadilika na protini nzima bado ipo, kwa mfano badiliko la asidi amino ya 167, ndizo zenye hatari kubwa ya uvimbe huo. Na kuna badiliko la 200, linalojulikana kwa watu wa Chuvashia nchini Urusi: aliyelirithi kwa baba na kwa mama anapata damu nzito maisha yote, lakini hapati uvimbe wa kawaida wa VHL. Protini hiyo bado inafanya kazi kwa unyonge, na unyonge huo unatosha kupandisha damu bila kutosha kuzaa saratani.

Matokeo

Himoglobini ilikuwa 17.9 wiki ya nne baada ya upasuaji na 15.8 mwezi wa nne, bila kutolewa damu tena. Kijinundu ndicho kilichokuwa kinatengeneza erithropoietini. Mwendo ulirudi, ila mkono wa kulia bado unachelewa kidogo. Nometanefrini, mwezi mmoja baada ya kuacha amitriptilini, ilikuwa kawaida.

IRM (picha ya sumaku, MRI) ya uti wa mgongo ilikuta vijinundu viwili vidogo visivyo na dalili, vinavyofuatiliwa. Daktari wa macho alikuta anjioma (kivimbe cha mishipa ya damu) moja pembeni ya retina ya kushoto, akaichoma kwa leza kabla haijavuja. Uvimbe wa figo ulipimwa miezi kumi na miwili baadaye: sentimita 2.6. Belzutifani, dawa ya kumeza inayoizuia HIF-2-alfa isiungane na mwenzake, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2021 kwa wagonjwa wa VHL, ilizungumzwa na haikuanzishwa. Bei yake haifikiki kwa familia hii, inahitaji kufuatilia himoglobini na oksijeni mara kwa mara kwa kuwa inashusha zote mbili, na kwa sasa hakuna uvimbe unaolazimisha.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Wiki sita za kusubiri kobalti itoke hazikuwa kipimo cha haki. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi. Hata kama kobalti ingekuwa chanzo chote, wiki sita zingeshusha himoglobini kiasi tu, na kushuka kutoka 20.6 hadi 19.8 kungeweza kusomwa upande wowote. Kulikuwa na kipimo cha haraka zaidi na cha bei ya chupa chache za damu: himoglobini ya wenzake wa depo. Walipimwa baadaye, wanne waliokubali, wote wakiwa kati ya 14.5 na 16.8. Vumbi lile lile, kazi ileile, damu ya kawaida. Swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza, kichwa kingepigwa picha mwezi na nusu mapema.

Kobalti kwenye mkojo ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba katika mji huu iko kwenye mkojo wa watu wengi, wagonjwa na wasio wagonjwa, na kitu kilicho kwa wengi hakiwezi kubeba peke yake maelezo ya ugonjwa wa mmoja. Ameshauriwa asirudi depo hata hivyo, na hapo timu ilikuwa sahihi kwa sababu nyingine kabisa: si vizuri kuongeza HIF kwa mtu ambaye mwili wake tayari unapata shida kuivunja.

Kukosea kukubwa zaidi kulikuwa kwenye maumivu ya kichwa. Damu nzito inaumiza kichwa, kwa hiyo kila mtu aliridhika. Lakini kichwa cha damu nzito hakichagui alfajiri, na hakipungui kwa kutapika. Kuangalia nyuma ya jicho kwa oftalmoskopu siku ya kwanza, kazi ya dakika tano, kungeonyesha neva ya jicho iliyovimba kwa shinikizo, na pengine anjioma yenyewe.

Kilichofanya kazi vizuri ni utaratibu wa chumba cha upasuaji: kuandaa kwa ajili ya feokromositoma bila kuitibu. Uamuzi huo ulisimama juu ya picha safi ya tezi. Kama skana ingeonyesha hata kinundu cha sentimita moja, doksazosini ingekuwa lazima na mrija wa dharura wa ubongo ungebeba siku za kungoja. Swali la muuguzi kuhusu familia nalo halikuwemo kwenye fomu ya kliniki. Sasa limo, na limeandikwa kwa viungo, si kwa magonjwa: nani alikufa kwa figo, nani haoni, nani alipasuliwa kichwa, nani alianguka ghafla akiwa kijana. Watu hawajui jina la ugonjwa wa baba yao. Wanajua kiungo.

Familia ndiyo kazi iliyobaki. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa kuwa badiliko limejulikana, kipimo chao ni kimoja: kuhesabu nakala za ekzoni ya 3. Asiye nalo anaondoka kwenye orodha kabisa. Mwenye nalo anaangaliwa macho kila mwaka tangu utotoni, presha tangu miaka 2, metanefrini tangu miaka 5, IRM ya ubongo na uti wa mgongo pamoja na kipimo cha kusikia tangu miaka 11 na kila miaka miwili, IRM ya tumbo tangu 15 kwa mwendo huohuo. Pale IRM isipopatikana, ekografia ya figo kila mwaka ni bora kuliko kukaa kimya, mradi mpimaji aandike ukubwa wa kila uvimbe mgumu kwa milimita na upande wake, ili wa mwaka ujao alinganishe.

Watoto wawili wamepimwa. Mmoja ana ekzoni iliyofutika. Mdogo wa mgonjwa, yule aliyeambiwa hana haja, alirudishwa kwa simu mara tatu kabla hajaja. Kwenye jalada la faili la kila ndugu sasa kumeandikwa kwa wino mwekundu, "ekzoni 3 imefutika, kusoma herufi hakutoshi", na ripoti ya kwanza iliyosema "hakuna" imeachwa ndani, imepigwa mstari, na ya pili imepinwa juu yake.